Mtandao umekata, lakini umekatia wapi? Kutafuta ugonjwa kwenye ruta ya pfSense

Simu za asubuhi hufanana. "Fundi, mtandao umekata." Ukiuliza umekataje, unajibiwa umekata tu. Ukifika ofisini unakuta WhatsApp inaingia, barua pepe hazitoki, mhasibu wa kwenye kona anaangalia video bila wasiwasi, na aliyekupigia ndiye peke yake asiyepata kitu. Jina la ugonjwa ni moja, magonjwa yenyewe ni sita au saba, na dawa ya mmoja haitibu mwingine. Wengi hukimbilia kuizima ruta na kuiwasha. Wakati mwingine inasaidia, na ubaya uko hapo hapo: imepona bila wewe kujua ilikuwa inaumwa nini, kwa hiyo wiki ijayo utaitwa tena.

Ninayoizungumzia hapa ni pfSense, programu inayoigeuza kompyuta kuwa ruta na fayawoli, toleo lake la bure, ikiwa imewekwa kwenye kompyuta ya mtumba. Mfano wangu ni ule unaoonekana sana Dar: Dell OptiPlex iliyonunuliwa Kariakoo, kadi ya Intel yenye poti mbili, kifaa cha kampuni ya intaneti upande mmoja, swichi na visambaza WiFi viwili vitatu upande wa pili. pfSense imejengwa juu ya mfumo endeshi wa FreeBSD, na mchujo wake wa pakiti, yaani vipande vya data vinavyosafiri, unaitwa pf na asili yake ni mfumo endeshi wa OpenBSD. Kama unatumia OPNsense, iliyojitenga na pfSense mwaka 2015, karibu kila kitu hapa kinakuhusu. Menyu tu ndizo zimehamishwa vyumba.

Kabla hujagusa chochote, fungua Diagnostics > Backup & Restore upakue faili la mipangilio. Ni faili dogo la XML. Liweke kwenye flashi, wala usilitupie kwenye grupu la WhatsApp la ofisi, maana ndani yake mna funguo za VPN, ile njia iliyofungwa ya kuingia mtandao wa ofisi ukiwa mbali, na siri nyingine. Halafu jiwekee masharti: unabadilisha kitu kimoja, unajaribu, ndipo unakwenda kingine. Fundi anayebadilisha vitu vitatu kwa mkupuo akiona mtandao umerudi, hajui ashukuru kipi.

Ngazi nne, mara mbili

Chomeka skrini na kibodi kwenye ruta. Utaona menyu ya namba. Namba 7 ni ping, yaani kutuma pakiti ndogo na kusubiri jibu. Anza hapo, kwenye ruta yenyewe, si kwenye laptopu ya mteja. Kwanza tazama kama WAN, upande wa intaneti, imepata anwani. Pili, piga ping lango la kampuni ya intaneti, kifaa chao cha kwanza ambacho ruta yako hupitia. Tatu, piga ping 1.1.1.1, anwani iliyo nje kwenye intaneti. Nne, piga ping jina, tuseme google.com. Ngazi itakayokukatikia ndiyo itakayokuonyesha pa kwenda.

Ruta ikipanda zote nne salama, rudia zilezile kwenye laptopu iliyochomekwa kwa waya. Kwa waya, tafadhali. WiFi ina kesi zake na inaweza kukudanganya. Ikiwa ruta inapita na laptopu haipiti, usihangaike kuwapigia watu wa kampuni ya intaneti. Tatizo liko ndani ya nyumba yako: sheria za fayawoli, NAT (inayobadilisha anwani za ndani ziwe ile ya WAN), DHCP (inayogawa anwani), swichi.

Kuna jaribio la katikati ambalo halitumiwi sana. Kwenye Diagnostics > Ping, weka Source address iwe LAN, yaani upande wa ndani. Ping ya kawaida ya ruta hutoka na anwani ya WAN. Hii ya pili inalazimika kupitia NAT, kama pakiti za watu wako zinavyolazimika. Ya kwanza ikipita na ya pili ikakwama, nenda Firewall > NAT > Outbound. Mara nyingi utakuta kuna mtu aliwahi kuweka Manual kwa ajili ya jambo lake, kisha mtandao wa ndani ukabadilishwa namba na orodha ile ikabaki na namba za zamani. Rudisha Automatic, au Hybrid kama kuna sheria unayohitaji kuibakiza.

WAN haina anwani, au anwani yake inafanana na ya LAN

Hili la kufanana ndilo linalowakwamisha wanaoanza kuliko jingine lolote. pfSense mpya huipa LAN anwani 192.168.1.1. Modemu nyingi za faiba na za 4G nazo hugawa 192.168.1 hiyohiyo. Sasa ruta ina mtaa mmoja mbele na mtaa wenye jina lilelile nyuma. Pakiti ikija haijui iende wapi. Dalili zake zinachekesha: ukifungua 192.168.1.1 mara unaona ukurasa wa pfSense, mara wa modemu, kutegemea waya uliochomeka, na intaneti haipatikani kabisa.

Kwenye menyu ya namba, chagua 2, kisha LAN, uipe anwani nyingine, mathalani 10.37.0.1 yenye /24, yaani mtandao wote unaanza na 10.37.0. Kubali iwashe DHCP na uipe masafa ya kugawa. Usichague 192.168.0 wala 10.0.0, kwa sababu siku utakapotaka watu waingie kwa VPN kutoka nyumbani, ruta za majumbani mwao nyingi zinatumia namba hizo hizo na utarudi pale pale. Ukiulizwa lango la LAN, bonyeza Enter uliache tupu. LAN ikipewa lango, pfSense huidhania ni WAN nyingine, na mambo ya ajabu huanza. Ukimaliza, chomoa na uchomeke waya wa laptopu ili ipate anwani mpya.

Kama WAN haina anwani kabisa, kwanza hakikisha waya umeingia tundu sahihi. FreeBSD huziita kadi kwa jina la dereva: igb0 na igb1, em0, re0. Tundu la juu si lazima liwe igb0. Menyu namba 1 hukuruhusu kubonyeza "a": unachomoa waya, unabonyeza "a", unachomeka, unabonyeza Enter, nayo inatambua tundu lenyewe. Baada ya hapo weka alama. Mimi hutumia rangi ya kucha, nyekundu kwa WAN. Stika hubanduka kwa joto na vumbi.

Tundu likiwa sahihi na bado hakuna kitu, fikiria anwani ya MAC, ile namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao. Baadhi ya watoa huduma hukikumbuka kifaa cha kwanza kilichounganishwa na kukikataa cha pili. Zima modemu dakika kadhaa kisha uiwashe, au nakili MAC ya kifaa cha zamani uiandike kwenye mipangilio ya WAN. Na ikiwa kadi yako ni ya Realtek, kiolesura kikaanza na re, huku kwenye logi unaona "watchdog timeout" ikijirudia, usipoteze wikiendi yako. Tafuta kadi ya Intel.

Namba zinapita, majina hayapiti

Ping 1.1.1.1 inajibu, google.com inasema haijulikani. Hiyo ni DNS, huduma inayogeuza majina kuwa namba, na kisa ninachokipenda kuliko vyote kiko hapa.

Shule moja ya bweni ilikuwa na pfSense nzuri tu, ila kila umeme ukikatika usiku, asubuhi hakuna intaneti. Walikuwa wameshabadilisha modemu, wameshabadilisha waya, wameshagombana na mtoa huduma. Nilipofika nilifanya ngazi nne: tatu zikapita, ya nne ikakataa. Nikaingia namba 8, pa kuandika amri, nikaandika date, mashine ikaniambia tuko miaka kadhaa nyuma.

Betri ya ubao mama, ile ya duara CR2032, ilikuwa imekufa. Umeme ukikatika, saa inarudi mwanzo. Sasa tazama fundo lilivyojifunga. Kihudumu cha DNS cha pfSense, Unbound, hukagua sahihi za DNSSEC, zinazothibitisha kwamba jibu ni la kweli, na kila sahihi ina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Saa ikiwa nyuma, kila sahihi inaonekana haijaanza, hivyo Unbound inayakataa majibu kama ya kughushi. Ruta ingeweza kuirekebisha saa kwa NTP, huduma ya kuuliza saa mtandaoni, lakini seva za NTP zimeandikwa kwa majina, na majina yanahitaji DNS. DNS inasubiri saa, saa inasubiri DNS. 

Dawa ya haraka ni kuandika tarehe kwa mkono, mwaka, mwezi, siku, saa na dakika bila nafasi katikati:

date 202506101015

Kisha nenda Status > Services uanzishe upya Unbound. Dawa ya kudumu ni betri mpya, ambayo bei yake haifiki nauli ya fundi. Na kama ruta iko mahali usipofika kwa urahisi, ongeza kwenye mipangilio ya NTP seva moja kwa namba, si kwa jina, 162.159.200.1 ni ya Cloudflare. Hapo hata betri ikifa tena, saa itajirekebisha bila kuihitaji DNS.

Kama saa iko sawa, kuna jambo lingine la kutazama. Unbound, isipoambiwa vingine, huenda yenyewe kuuliza seva za mizizi ya DNS duniani, na kuna laini ambazo njiani huzuia au kuyateka maswali ya poti 53, namba ya mlango unaotumiwa na DNS. Washa Enable Forwarding Mode kwenye DNS Resolver, ili Unbound ipeleke maswali kwa seva utakazozichagua, na uweke seva mbili kwenye System > General Setup. Ikiwa seva utakazozielekea hazishughuliki na DNSSEC, izime, la sivyo utakuwa umehama shimo moja na kuingia lingine.

Mteja mmoja tu ndiye asiyepata majina? Angalia laptopu yake. Kuna mtu aliwahi kumwekea DNS kwa mkono.

Ping inapita, majina yanapita, kurasa hazifunguki

Google inafunguka, benki haifunguki. Au ukurasa unaanza, kichwa kinatokea, halafu unaning'inia. Mtu asiyejua atasema benki ndiyo mbovu.

Tatizo mara nyingi ni ukubwa wa pakiti. Ethaneti ya kawaida hubeba baiti 1500. Laini ya PPPoE, ile ya kujiunga kwa jina na nenosiri, hula 8 kwa ajili ya bahasha yake, inabaki 1492, na laini zenye mirija ndani ya mirija hula zaidi. Pakiti ndogo kama za ping na DNS hupita bila shida. Pakiti kubwa zinafika mahali pembamba zinatupwa, na ujumbe wa ICMP ambao ungemwambia mtumaji apunguze ukubwa unazuiwa na fayawoli ya mtu fulani njiani. Mtumaji anatuma tena, inatupwa tena.

Pima. Kwenye Windows:

ping -f -l 1472 1.1.1.1

Hiyo 1472 ukiongeza 28 za vichwa ni 1500. Ikikataa, shuka: 1464, 1452, 1440, hadi ipite. Namba iliyopita ongeza 28, hiyo ndiyo MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti, ya njia yako. Kwa PPPoE safi utaona 1464 ikipita, yaani 1492. Nenda Interfaces > WAN, kwenye kisanduku cha MSS, kikomo cha data ndani ya pakiti, andika 1492. Usiandike 1452. Watu hukosea hapa kwa sababu wamesoma mahali kwamba MSS ni MTU toa 40, na ni kweli, lakini pfSense inazitoa hizo 40 yenyewe. Ukizitoa na wewe, umezitoa mara mbili. Haitaharibu kitu ila kasi utaipunguza bure.

Kama pfSense yako imo ndani ya Proxmox, mfumo wa kuendesha kompyuta bandia, na kadi zake ni bandia za virtio, dalili zilezile huletwa na kitu tofauti kabisa: kadi bandia inadai itapiga hesabu za kuhakiki pakiti, kisha haipigi sawasawa, na pakiti za TCP, zinazobeba kurasa, zinatupwa huku ping ikipita. System > Advanced > Networking, weka alama kwenye Disable hardware checksum offload, washa upya.

Wengine wanapata, wengine hawapati

Waliopo karibu na dirisha wanapata, wa mapokezi hawapati, na kesho yake wamebadilishana. Usianze na pfSense. Nenda kwa asiyepata, andika:

ipconfig /all

Tazama mstari wa seva ya DHCP. Ukikuta 192.168.0.1 wakati mtandao wako ni 10.37.0, kuna ruta ya pili humo ndani inayogawa anwani zake. Karibu kila mara ni mtu aliyeona WiFi haifiki mezani kwake, akanunua kiruta cha bei rahisi, akachomeka waya wa ukutani kwenye tundu la LAN. Kiruta kikaanza kuwagawia anwani watu wote, na anayejibu haraka kati ya vifaa viwili ndiye anayeshinda.

Kukitafuta: piga ping hiyo 192.168.0.1 kutoka kwa mgonjwa wako, kisha andika arp -a uone MAC yake. Kama una swichi ya kusimamiwa, jedwali lake la MAC litakuambia kiko poti ya ngapi. Kama huna, chomoa waya mmoja mmoja kwenye swichi mpaka ping ikatike. Ni kazi ya kizamani na inafanya kazi. Ukikipata huhitaji kumnyang'anya mwenyewe. Zima DHCP yake, mpe anwani isiyogongana na wengine, kiache kiwe kisambaza WiFi tu.

Ikiwa asiyepata ana anwani inayoanza na 169.254, hakupewa na yeyote. Hesabu masafa yako ya DHCP. Anwani mia moja zinaonekana nyingi mpaka ukumbuke kila mtu ana laptopu na simu mbili, na wageni wanaopita wanashikilia anwani hata baada ya kuondoka. Panua masafa, au fupisha muda wa kukopesha kwa mtandao wa wageni.

Umetengeneza mtandao wa wageni, unatoa anwani, hautoi intaneti

pfSense huipa LAN sheria ya kuruhusu kila kitu. Kiolesura kingine chochote utakachoongeza kinazaliwa kikiwa hakina sheria, na pasipo na sheria hakuna kinachopita. DHCP inapita kwa sababu ukiiwasha pfSense huiwekea ruhusa yake kimyakimya. Ndiyo maana simu ya mgeni inaonyesha imeunganishwa, na ndiyo maana watu hudhani tatizo liko kwingine.

Unaweka sheria. Bado. Angalia safu ya Protocol: sheria mpya kwenye pfSense huanza na TCP. DNS husafiri kwa UDP, ping ni ICMP. Vyote viwili umeviacha nje ya mlango. Weka Any.

Hapa kuna mambo matatu ambayo ukiyashika sawasawa utapunguza nusu ya simu zako. La kwanza, sheria huandikwa kwenye kiolesura ambako pakiti inaingilia ruta. Ukitaka kuwazuia wageni wasifike LAN, unaandika upande wa wageni. Ukiiandika kwenye LAN haizuii kitu. La pili, sheria husomwa kutoka juu kwenda chini na ya kwanza kulingana ndiyo inayotawala. Kizuizi kilicho chini ya ruhusa ya jumla ni pambo. La tatu, na hili huwatia watu wazimu, sheria mpya haigusi mawasiliano yaliyokwisha kufunguka. Umezuia, umebofya Apply, na yule kijana bado anapakua. Nenda Diagnostics > States ufute miunganisho yake, ndipo atakapokutana na ukuta.

Kwa wageni mimi huandika nne, kwa mpangilio huu: ruhusu TCP na UDP poti 53 kwenda anwani ya ruta ya upande wao, zuia chochote kwenda This Firewall, ili wasiufungue ukurasa wako wa usimamizi, zuia chochote kwenda kwenye aliasi, jina moja la kundi la anwani, yenye mitandao mitatu ya ndani, yaani 10.0.0.0/8, 172.16.0.0/12 na 192.168.0.0/16, kisha ruhusu vilivyobaki. Wakishapata, jaribu kuifungua printa ya ofisi ukiwa kwenye WiFi ya wageni. Ikifunguka, umeandika kwa mpangilio mbaya.

Ikiwa mtandao huo ni VLAN, yaani mtandao uliotenganishwa kwa tagi ndani ya waya uleule, na hata anwani hazitoki, rudi kwenye swichi. Swichi ya kawaida ya bei ya chini haijui VLAN ni nini. Inayojua nayo inataka iambiwe: poti ya kwenda ruta na ya kwenda kisambaza WiFi zibebe tagi, poti ya kompyuta ya kawaida isibebe.

Ukisoma Status > System Logs > Firewall utakutana na misalaba myekundu mingi ya Default deny. Kabla hujaogopa, tazama safu ya mwisho. Zenye TCP:FA au TCP:RA ni pakiti za kuagana zilizochelewa, zimefika wakati ruta imeshafuta kumbukumbu ya mazungumzo yale. Hazidhuru. Zenye TCP:S ni mtu anayeanza mazungumzo na kukataliwa. Hizo ndizo za kufuatilia.

Bosi anataka kuona kamera akiwa nyumbani

Umefungua poti kwenye Firewall > NAT > Port Forward, umekagua mara tatu, haifunguki. Kwanza usijaribu ukiwa ofisini. Zima WiFi ya simu, tumia bando.

Kisha tazama anwani ya WAN. Ikiwa ni kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, acha kupoteza muda. Masafa hayo yalitengwa mwaka 2012 kwa ajili ya watoa huduma wanaowaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Wewe ni mpangaji, mlango wa barabarani si wako, na hakuna sheria utakayoandika kwenye pfSense ikaufungua. Laini nyingi za simu ziko hivyo. Ikiwa ni 192.168 au 10, yawezekana modemu iliyo mbele yako ndiyo inayofanya NAT ya kwanza. Iweke iwe daraja, yaani ipitishe tu bila kufanya NAT, au ufungue poti na huko pia. Na ukijaribu ukiwa umechomeka kati ya modemu na pfSense, kumbuka Block private networks ya WAN itakukataa.

Anwani ikiwa ya umma kweli, tumia Diagnostics > Packet Capture kwenye WAN kwa poti hiyo, mtu wa nje ajaribu. Hakuna pakiti iliyofika? Si wewe, ni njiani. Zimefika? Rudia kwenye LAN. Zikienda kwa mashine ya kamera na majibu hayarudi, mashine ile ina lango lisilo sahihi, kwa kawaida la ruta iliyokuwepo zamani.

Haya yote nimeyaeleza kwa kuwa utaulizwa, ila ushauri wangu ni usifungue poti ya kamera kwa dunia nzima. Tumia WireGuard, aina ya VPN. Kama uko kwenye hali ya upangaji, kodi seva ndogo yenye anwani ya umma, pfSense iwe ndiyo inayoipigia, na bosi naye aipigie hiyo hiyo.

Laini mbili zinazopokezana kila dakika

Umeweka faiba na 4G zisaidiane, sasa zinagombana. pfSense hupima afya ya laini kwa kupiga ping lango lake. Ping ikizidi milisekunde 500 au pakiti zikipotea zaidi ya asilimia 20, inahesabiwa imekufa. Kwanza, yapo malango yasiyojibu ping kabisa, na laini nzima inaonyeshwa nyekundu. Nenda System > Routing, weka Monitor IP ya nje: 1.1.1.1 kwa laini moja, 8.8.8.8 kwa nyingine. Haziwezi kuwa sawa, kwa sababu kila moja inafungiwa njia ya laini yake. Anwani hizo usiwape watu wako kama DNS. Laini yenyewe ikifa, DNS inaweza kwenda nayo.

Pili, kipimo chenyewe kinaweza kuwa kikali kwa hali halisi. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ya sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ilichechemea. Laini ya kuchechemea bado hutuma barua pepe. Siku kama hizo, pandisha kipimo cha ucheleweshaji hadi 1000 na cha upotevu hadi 40, la sivyo ruta itaruka huku na huku na kila mkutano wa video utakatika kila inaporuka.

Haiwaki baada ya umeme kukatika

Ikisimama njiani ikilalamikia diski, iwashe kwa hali ya mtumiaji mmoja (single user) na uandike fsck -y / mara kadhaa, mpaka iache kusema imerekebisha kitu. Hilo ni kwa diski yenye mfumo wa faili wa UFS. Siku ukiisimika upya, chagua ZFS, inastahimili kukatika ghafla kwa namna ambayo UFS haiwezi, kisha urudishe lile faili la XML. UPS ndogo ya kubeba ruta na modemu tu hukaa muda mrefu, usiichomekee printa.

Umejifungia nje

Umeandika sheria moja mbaya na ukurasa wa usimamizi haufunguki tena. Kwenye skrini ya ruta, namba 8, kisha:

pfctl -d

Mchujo wote unazimika, na NAT pamoja nao, kwa hiyo watu wote wa ndani watapoteza intaneti wakati huo na ruta itakuwa wazi. Fanya haraka. Ingia, ifute sheria ile, na ndipo ubofye Apply, maana ukibofya kabla, mchujo unarudi na sheria yako mbaya ikiwa bado ndani. Ukiwa huna uhakika ni ipi, namba 15 inarudisha mipangilio ya kabla ya badiliko la mwisho. Ina tarehe na maelezo ya kila badiliko, na hapo ndipo utaona pia kama kweli ni wewe uliyeligusa.